Gari la spoti na mlima wa Lushoto: mambo ya kujua kabla hujapakia familia

Wiki hii naweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumze habari ya gari. Najua baadhi yenu mmeuza mananasi vizuri, wengine korosho, wengine ufuta, na siku hizi fedha ikishatua mkononi wazo la kwanza si pikipiki tena. Ni gari dogo. Vijana wetu hawataki gari dogo la kawaida, wanataka lenye turbo, lililokaa chini, rimu pana na sauti ya kugeuza shingo sokoni. Sina ugomvi nalo. Jasho ni lako na furaha ni yako. Lakini siku utakapoamua kulipeleka milimani na mama watoto, kaa nami hapa kidogo kwanza.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ananunua mananasi Kiwangwa na kuyauza Dar es Salaam. Alinunua Subaru Impreza yenye turbo, otomatiki. Kwake ni gari jipya, ingawa lilikwishatumika Japani kama magari yetu mengi. Likizo ya shule ya Juni akasema familia iende Lushoto ikaone mlima na baridi. Tulikuwa watano: yeye kwenye usukani, mama yangu kiti cha mbele kwa heshima ya utu uzima, na nyuma dada, mtoto wao wa miaka tisa na mimi.

Kutoka Bagamoyo unashika lami ya Makofia hadi Msata, kilomita 64, unaingia barabara kuu inayotoka Chalinze, unavuka Wami, unapita Mkata, Segera na Korogwe mpaka Mombo. Ni kama kilomita 250. Huko kote gari la spoti linajisikia kwao, maana sehemu kubwa ni tambarare. Kazi yako ni mbili tu: kuheshimu mwendo wa 50 kila unapopita kijijini, na kupunguza mapema kabla ya matuta. Gari lililokaa chini hugonga tumbo, na tairi nyembamba ubavuni haina nyama ya kuilinda rimu ikiingia kwenye shimo.

Mombo ndipo mlima unapoanza. Mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Katikati unapita Soni yenye maporomoko ya maji. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka Mombo unapanda karibu kilomita moja kwenda juu. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Yenye turbo haisikii sana. Gari la shemeji lilipanda kama linavutwa kwa kamba. Dada akasifu, mtoto akapiga makofi, na mimi nikasifu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Hapo ndipo wengi tunapolipima gari, kwenye kupanda. Kupanda ni kazi ya injini, na injini ikichoka utasikia: italia, mwendo utashuka, mshale wa joto utainuka. Kushuka ni kazi ya breki, nazo huchoka kimya kimya. Gari lenye nguvu nyingi za kupanda halina muujiza wa kushuka. Uzito ni uleule.

Tena mara nyingi si uleule. Tulikaa Lushoto siku mbili. Juni kule kuna ukungu na baridi ya kweli, mchukulie mtoto sweta. Nilitembelea mashamba ya matuta ya ngazi, na nitayaandikia siku nyingine. Shemeji ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hawezi kuona karoti na kabichi kwa bei ya shambani akaondoka mikono mitupu. Tulipoanza kurudi, buti ilikuwa na gunia la viazi, karoti na kabichi, na nyuma ya gari ilikuwa imelala. Gari lilishuka likiwa zito kuliko lilivyopanda.

Alishuka na gia ikiwa kwenye D, mguu juu ya breki, kona hadi kona. Kabla ya kufika Soni nikasikia harufu kama ya mpira na chuma vinavyoungua. Nikamwambia kwa utani, "Shemeji, kuna mtu anachoma mahindi huku chini." Akacheka, akasema ni malori ya mbele. Malori ya mbogamboga yalikuwepo kweli, yanashuka taratibu kama yanahesabu kona.

Ndipo mama akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Mwanangu, ukiona pa kusimama naomba tusimame. Miguu imekufa ganzi."

Nani atamkatalia mama mkwe? Shemeji akatafuta mahali papana, akasimama. Tuliposhuka tukaona moshi mwembamba ukitoka kwenye gurudumu la mbele. Yeye mwenyewe akasema pedali ilikuwa imeanza kuzama kuliko kawaida. Mama akaenda kukaa kwenye jiwe, akanyoosha miguu, hakusema neno juu ya gari. Bado kulikuwa na zaidi ya nusu ya mteremko mbele yetu.

Sasa elewa kinachotokea. Kila ukikanyaga breki, mwendo wa gari unageuka kuwa joto. Ukikanyaga dakika ishirini bila kupumzika, joto halipati nafasi ya kutoka. Pedi zikizidi joto zinateleza badala ya kushika. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, na yakichemka yanatoa mapovu. Mapovu yanabonyea, ndiyo maana pedali inazama na gari halisimami.

Dawa yake wenye malori ya Lushoto wanaijua siku nyingi: gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Kwenye otomatiki, toa leva kwenye D uweke 2, au L, au kama ina alama ya M shusha gia kwa mkono. Injini italia kidogo, usiogope, ndiyo inayolizuia gari. Breki unaikanyaga kwa nguvu kiasi kabla ya kona, kisha unaiachia ipoe. Usitoe gia ukaliacha gari liserereke ukidhani unaokoa mafuta. Gari za kisasa, ukiachia mafuta huku gia imeingia na gari linateremka, injini hukata petroli yenyewe. Ukitoa gia, injini inaendelea kunywa petroli na wewe umebaki na breki peke yake.

Breki zikishapata moto, simama mahali salama, weka P, weka jiwe mbele ya tairi, subiri. Shemeji alitaka kumwagia maji nikamzuia, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupinda au kupasuka. Tulikaa karibu saa nzima, tukala machungwa. Alijaribu pedali, ikawa imerudi juu. Akaweka 2, tukashuka polepole mpaka Mombo, na breki akawa anaigusa tu.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni lingine. Jioni ile dada aliniambia kwamba harufu aliisikia kabla yangu, na mtoto alikuwa ameshamnong'oneza, "Mama, kunanuka." Hakusema. Kwa nini? Mume wake alikuwa na furaha, gari ni jipya, na hakutaka kumtia aibu mbele ya mama yake na kaka yake. Gari jipya hufunga watu midomo. Kila aliyemo amekwishalisifu, na anayekuja na neno la kasoro anaonekana ana wivu. Sisi watu wa pwani tena tuna adabu, tunapitisha neno kwenye miguu iliyokufa ganzi. Siku ile ilitosha kwa sababu aliyesema alikuwa mkwe. Je, angekuwa mtoto peke yake?

Haya nayaona hata mashambani. Kibarua anaona bomba la dawa linavuja mgongoni, ananyamaza kwa kumwogopa bosi. Hasara wanaibeba wote wawili.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha gari mpeane ruhusa. Dereva aseme mwenyewe, mbele ya wote: yeyote akisikia harufu, akiona moshi au akiogopa mwendo, aseme "simama", hata mtoto. Dereva asimame kwanza penye usalama, maswali baadaye. Neno hilo akilitoa dereva, halimvunjii heshima mtu yeyote.

Mengine ya kukagua siku mbili tatu kabla, kwa fundi unayemwamini:

1. Pedi na mafuta ya breki. Kama hujui mafuta yalibadilishwa lini, badilisha.
2. Umri wa tairi. Ubavuni kuna namba nne: 2219 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na bado imezeeka.
3. Maji ya rejeta, ukague injini ikiwa imepoa. Ukimaliza kupanda na turbo, iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.
4. Tairi la spea lenye upepo, jeki, pembetatu za kuonya na mtungi wa kuzimia moto.
5. Mikanda kwa wote, nyuma pia. Idadi ya watu isizidi viti.
6. Bima. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako hailigusi. Kama umeweka mtaji wa misimu mitatu kwenye gari, uliza bei ya bima kubwa.

Na kama unataka kurudi na gunia, lipakie kwenye lori au basi la mizigo. Nauli ya gunia moja ni ndogo kuliko seti ya pedi.

Mwenye swali tuonane ofisi ya kata, nami nitarudi kwenye mananasi wiki ijayo. Safari njema, na mshuke salama.