Besi ya Kalamazoo

Wanafunzi wanaoingia ofisini mwangu hulitazama gitaa lile la besi pembeni mwa rafu wakidhani ni pambo. Ni EB-2 ya Gibson, muundo uliotolewa kwanza mwaka 1958 mjini Kalamazoo, Michigan, nchini Marekani, nami hulipiga mara kwa mara, vibaya lakini kwa moyo.

Kabla yake, tangu 1951, Fender walikuwa wakiuza besi ya ubao mzima. Gibson walishika njia ya kati. Mwili una upana wa inchi 16, umeundwa kwa tabaka nyembamba za mbao za mepo zilizogandishwa kwa gundi, na usoni una matundu mawili yenye umbo la herufi f, kama ya fidla. Ukilitazama utadhani ndani ni tupu. La hasha: katikati, toka shingoni hadi mkiani, mmepita gogo. Gitaa tupu likikaribia spika kubwa hutetemeshwa na sauti yake lenyewe mpaka likapiga ukelele. Gogo lile huutuliza mtetemo, na mbavu zilizo wazi huiacha sauti ipumue. Nimesoma mikataba mingi ya serikali isiyofikia mapatano hayo.

Nyuzi zake ni fupi, inchi 30.5 dhidi ya 34 za Fender. Pikapu ni moja tu, karibu na shingo, hivyo nota za chini hujaa hadi kumezana. Wengi walilalamika, kikaongezwa kitufe cha kupunguza uzito wa sauti, mimi sikigusi. Chas Chandler wa kundi la The Animals alipiga ndugu yake, Rivoli ya Epiphone, iliyotoka katika kiwanda hicho hicho baada ya Gibson kuinunua Epiphone mwaka 1957.

Kinachoniudhi ni matangazo ya wauza vitu vya kale. Hutaja pikapu, rangi na mwaka, watengenezaji hawatajwi. Mwaka 1984 kiwanda cha Kalamazoo kilifungwa na kazi kuhamishiwa Nashville, Tennessee, jimbo ambalo tangu 1947 sheria yake inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama cha wafanyakazi ili aajiriwe. Baadhi ya mafundi walikataa kuhama. Mwaka 1985 walianzisha kampuni yao, Heritage, ndani ya majengo yale yale waliyoachwa nayo.

Na ule ubao mweusi wa shingoni? Katika magitaa ya awali ulitokana na Dalbergia nigra ya Brazili, mti uliopigwa marufuku katika biashara ya kimataifa mwaka 1992. Mpingo wetu wa Lindi na Mtwara ni binamu yake, Dalbergia melanoxylon, na kwa miaka mingi umekwenda Ulaya kuwa zumari za klarineti. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia iliwekwa chini ya vibali. Watengenezaji na wanamuziki walipiga kelele, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikasamehewa. Gogo linalotoka kijijini Kilwa bado linadaiwa kibali.