Mashine Iliyosali

Mzee mmoja wa hapa Olmotonyi, asiyeona wala kuondoka kitandani, aliniomba nimrekodie masomo ya Dominika. Aliposikiliza kazi yangu ya kwanza alisema kwa upole, “Padre, nasikia mashine inasali.” Kweli, feni ya kompyuta ilivuma kunizidi. Nilikwisha kuwaza kununua kompyuta ya bei kubwa. Kumbe kurekodi sauti moja hakudai nguvu nyingi. Nikaisogeza hadi mwisho wa waya, nyuma ya kabati, maikrofoni ya USB nikaiweka shibiri moja kutoka kinywani, na ukutani nikatundika mablanketi yameze mwangwi. Programu ya Audacity ni ya bure. Mvua ya Meru juu ya bati haina dawa, nangoja ikatike. Juzi mzee akanikamata: nimeruka mstari mmoja wa Zaburi.