Kutoka Rungwe Mpya Mpaka Ufukoni: Habari za Sakafu ya Ziwa

Rungwe Mpya haina ziwa. Mwenye kusimama katika nchi hiyo ya Wilaya ya Kasulu huona mashamba ya muhogo na maharage, migomba nyuma ya nyumba, na vilima vya Buha vikifuatana mpaka macho yachoke. Baridi ya alfajiri nayo humkumbusha kuwa yuko juu sana. Walakini sijapata kuingia nyumba huko isiyokula kutoka ziwani. Jioni, ugali wa muhogo ukisha kusongwa, kitoweo chake aghalabu ni dagaa wa Kigoma, walioanikwa juani, wakatiwa maguniani, wakapandishwa milimani kwa lori.

Nalikwenda huko kumzuru kaka yangu na jamaa zake. Siku ya pili shemeji alinunua sokoni fungu la dagaa kwa bei ndogo, akalimwaga katika ungo achambue. Mwana wa kaka, kijana aliyemaliza kidato cha nne, aliokota kimoja akanionyesha. "Baba mdogo, na huyu ni dagaa?"

Kilikuwa kisamaki kipana, chenye miiba mgongoni, hakikuzidi kidole kidogo cha mtoto. Tukachambua pamoja, na tulipokwisha, karibu robo ya ungo haikuwa dagaa kabisa. Walikuwa watoto wa samaki wengine, waliovuliwa kabla hawajapata umri wa kuitwa samaki. Shemeji alisema ndiyo sababu ya urahisi wa fungu lile.

Hapo ndipo kaka aliponieleza jambo lililomkaa moyoni. Kijana alikuwa ameitwa na rafiki yake ashuke Ujiji akavute kokoro. Kazi ipo, malipo ni ya siku ile ile, wala hapana mtaji utakiwao ila mikono. Kaka hakupenda, lakini hakuwa na neno la kumkataza, kwani shamba halikutoa vizuri mwaka ule na kijana alikuwa akikaa tu. Akaniomba nifuatane naye, nione kwa macho yangu, kisha nimwambie mwanawe lililo kweli.

Twaliondoka baada ya sala ya alfajiri. Toka Kasulu mjini njia huelekea magharibi na kushuka, na kila ushukapo joto huongezeka na michikichi huzidi kuwa mingi, mpaka harufu ya mawese ikuambie kuwa umefika Kigoma kabla hujaona nyumba zake. Sitaeleza vumbi. Ziwa lenyewe halikupi habari mapema: gari lazunguka kilima, na ghafula nusu ya dunia ni maji, na ng'ambo yake milima ya Kongo kama moshi. Kijana alinyamaza. Alikuwa amekula vya ziwa lile tangu kuzaliwa, na siku ile ndiyo aliyoliona mara ya kwanza.

Ujiji ni mji wa zamani wa misikiti na miembe, mji wa misafara, ambako mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone. Tukasali alasiri huko, kisha tukaenda kwa miguu mpaka ufuko mmoja ambao sitautaja jina, kwa kuwa watu niliowakuta walikuwa wakifanya kazi iliyokatazwa, nami sikwenda kuwashitaki.

Wavu wa kokoro hupelekwa kwa mtumbwi mbali na ufuko, ukazungushwa kama upinde, na ncha zake mbili huletwa nchi kavu kwa kamba ndefu. Kisha vikundi viwili vya watu, wazima kwa watoto, huvuta. Ukingo wa juu una maboya, na ukingo wa chini una uzito, nao hutambaa juu ya sakafu ya ziwa njia nzima usiache kitu nyuma. Walivuta karibu saa nzima, wakiimba. Mfuko ulipofika ukingoni tukasogea. Palikuwa na samaki kiasi cha karai mbili, wengi wao wadogo kama wale wa ungo wa shemeji. Vilivyobaki vilikuwa majani ya maji yaliyong'olewa na mizizi yake, kaa wadogo, mchanga, na makome matupu ya konokono kwa mamia. Samaki wakagawanywa. Majani na makome yakatupwa juu ya mchanga.

Kijana aliokota kome moja, akatazama ndani, akaona samaki hai, mdogo kuliko kidole, amejibana humo.

Sasa, msomaji, yafaa ujue ziwa hili lilivyo, kwa maana ukubwa wake hudanganya. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470. Katika dunia nzima ni Baikal la Urusi tu lililo refu kwenda chini kulipita. Mtu husema: ziwa namna hii watu wa ufukoni watalimalizaje kwa kamba? Lakini maji yake ya chini ni maiti. Hewa ya oksijeni hushuka mita 100 hivi upande wa kaskazini, na yapata 200 upande wa kusini, kisha hukatika. Chini ya hapo pana giza na gesi yenye harufu ya yai viza, wala hapana samaki awezaye kukaa. Kwa hiyo sakafu iliyo hai si sakafu yote ya ziwa. Ni ukanda mwembamba tu uzungukao ukingoni, mfano wa mkeka uliotandikwa kandokando ya ukuta wa shimo. Na juu ya mkeka huo ndiko kokoro lipitako.

Yaliyomo katika ukanda huo ni mengi ajabu. Jamii moja tu ya samaki wa ziwa hili ina aina zipatazo 250, na karibu zote hazipatikani penginepo po pote ulimwenguni. Yuko kuhe, mkubwa wa jamii hiyo, azidiye nusu mita. Hutaga mayai yake chini, kisha mume na mke hukaa pamoja wakilinda mayai, na baadaye makinda, kwa majuma kadhaa bila ya kuyaacha. Wako wale wakaao ndani ya makome: konokono wa ziwa hili akifa, kome lake hubaki, na mahali pengine makome yamelundikana yakawa kama mtaa mzima, kila nyumba na mwenyewe, humo wakitaga na kulea. Makome yaliyopimwa karibu na Kigoma yameonekana kuwa na umri wa mamia ya miaka. Hata dagaa wenyewe, ambao ni aina mbili, mmoja wao makinda yake hukulia karibu na ufuko kabla ya kutoka kwenda maji makuu. Ukikokota wavu mahali hapo huvui samaki wa leo peke yake. Unabeba na kitanda, na nyumba, na mlinzi pamoja na analolilinda.

Tulikaa chini ya mwembe na mzee mmoja mwenyeji, aliyekuwa akishona wavu. Baada ya salamu nalimwuliza juu ya kuhe. Akasema, "Mwanangu, zamani mtoto akitumwa kununua kuhe alirudi naye begani, mkia unaburura. Wa siku hizi humtia mfukoni." Akacheka, kisha akaacha kucheka, maana mmoja wa wale waliokuwa wakivuta alikuwa mjukuu wake. Alisema Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009 anazijua, na maofisa wakija nyavu huchomwa. "Lakini asiye na chombo, asiye na taa, asiye na mashine, ana nini ila kamba?" Sikumjibu, na sidhani alitaka jibu.

Usiku kijana aliniuliza kama kweli wavu wa mikono waweza kudhuru maji mengi kiasi kile. Nikamtolea mfano wa ziwa jingine la nchi hii hii. Mwaka 1976 kilifunguliwa karibu na Mwanza kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo, na furu hao walivuliwa kwa wavu wa kukokotwa na meli. Wavu huo ni mfuko mkubwa. Bapa mbili nzito huushika mdomo usifumbe, na ukingo wa chini hukwangua tope ili kila kilicholala kiruke na kuingia. Wataalamu kutoka chuo cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakihesabu samaki katika Ghuba ya Mwanza, waliona furu wakipungua vibaya mahali nyavu zilipopita, kabla hata sangara hajaenea miaka ya 1980 akawala waliosalia. Watu wamezoea kumlaumu sangara peke yake. Tanganyika halina meli za namna hiyo zikwanguazo chini; lina mamia ya mikono, na ukanda wake ni mwembamba zaidi.

Baharini nako ni vivyo hivyo. Meli za kuvua kamba wa baharini zilikokota nyavu mbele ya milango ya Rufiji kwa miaka mingi, zikitupa samaki wadogo wasiotakiwa, mpaka Serikali ikazisimamisha mwishoni mwa mwaka 2007. Kenya ilikuwa imefanya hivyo katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006. Wala lawama hii si mpya. Mwaka 1376 wavuvi wa Uingereza walimpelekea mfalme wao Edward wa Tatu malalamiko juu ya wavu uliokokotwa chini ukiharibu mimea ya baharini na makinda ya samaki. Yapata miaka mia sita na hamsini, na wavu ungali unakokotwa.

Nalimwambia jambo jingine ambalo sikulipenda, kwa kuwa latugusa sisi wa milimani. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walieleza kuwa, kwa sababu maji ya ziwa yanazidi kupata joto na hayachanganyiki kama zamani, sakafu yenye hewa katika sehemu walizozichunguza ilipungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Mkeka unajikunja wenyewe kutoka chini. Na kutoka juu unafunikwa: udongo wa mashamba tuliyoyafyeka mpaka kilele cha kilima huchukuliwa na mvua, Luiche ukaumwaga karibu na Ujiji, na maji ya upande wa Rungwe Mpya yakautelemsha kwenye Malagarasi. Udongo ukitua juu ya mawe, majani madogo ambayo samaki huyatafuna hufa. Malagarasi una mabwawa makubwa yachujayo tope njiani, Alhamdulillahi. Luiche hauna bahati hiyo.

Nchi nne zilizozunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zina mkataba tangu mwaka 2003, na kwa makubaliano yao Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wapumzike na kuzaa. Shemeji aikumbuka vizuri miezi ile, kwani alipika maharage mpaka watoto wakalalamika.

Asubuhi kijana hakwenda kwa rafiki yake. Alikwenda peke yake mwaloni Kibirizi, nami nikamwacha. Aliporudi aliniambia kuwa amezungumza na watu wa kipe, wavuao dagaa usiku kwa taa katika maji makuu, wavu ukiinuliwa kutoka chini ya chombo bila ya kugusa sakafu. Hawakumwahidi kitu. Walimwambia arudi mwezi ukiingia gizani, kwa kuwa wakati wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, na kwamba kwanza ajifunze kuogelea. Mtu wa Rungwe Mpya ataogelea wapi?

Tulifika nyumbani usiku. Alimweleza baba yake yote, akaliweka lile kome dirishani. Mwenyewe tulikuwa tumemrudisha majini. Shemeji alisikiliza akichambua maharage. Kisha akaniuliza, "Basi kesho sokoni ninunue fungu lipi?" Nikamwambia anunue la dagaa watupu, hata likiwa dogo. Akanitazama, akasema, "Shemeji, fungu dogo halitoshi watu wanane." Nami naliwahesabu watoto waliokuwa wamelala mkekani, nikaona hesabu yake ni sawa.