Ratiba ni Mkataba: Nikipanga Safari ya Reli kutoka Vienna hadi Graz

Mwezi Mei, Mungu akipenda, nitakuwa Vienna kwa semina ya siku tatu, kisha nitatakiwa Graz, mji wa pili kwa ukubwa nchini Austria, ulioko kusini nyuma ya milima. Wenyeji wangu wameniachia uamuzi wa namna ya kufika huko, mradi nisivuke nauli waliyoitenga. Nimechagua reli, na katika reli nimechagua njia ya zamani ya mlimani, ile ya Semmering. Kazi ya kupanga safari hii imenifundisha mambo kadhaa kuhusu dola na raia wake.

Nianze na ratiba. Treni ya mwendo wa haraka iitwayo Railjet hutoka kituo kikuu cha Vienna kwenda Graz karibu kila saa, na huchukua takriban saa mbili na nusu. Kinachonivutia zaidi ya mwendo wake ni mpangilio: treni huondoka katika dakika ileile ya kila saa, na treni ndogo za wilayani zimepangwa kukutana nayo katika vituo vya makutano. Aliyechelewa ya saa nne anajua ya saa tano inakuja. Hahitaji kumjua mtu kituoni, wala kupiga simu kuuliza kama leo usafiri upo. Na treni ikichelewa, sheria ya Umoja wa Ulaya inampa abiria haki ya kurudishiwa robo ya nauli kwa ucheleweshaji wa saa moja, na nusu ya nauli kwa saa mbili, isipokuwa chanzo kiwe nje ya uwezo wa shirika. Ahadi imeandikwa hadharani, ina pande mbili, na ina adhabu kwa anayeivunja. Mwanasheria yeyote atauita mkataba.

Nauli nayo ina siasa yake. Ipo tiketi ya bei nafuu inayomfunga msafiri kwenye treni moja tu, na ipo ya bei kamili inayomwachia nafasi ya kubadili mawazo. Juu ya hizo, mwaka 2021 serikali ya Austria ilianzisha tiketi ya mwaka mzima kwa usafiri wa umma wa nchi nzima. Ilianza kwa euro 1,095, yaani euro tatu kwa siku. Bei imepanda tangu hapo, na mjadala wa nani alipe pengo haujaisha. Mwaka mmoja kabla yake, shirika la ndege la nchi hiyo lilipoomba msaada wakati wa janga la korona, serikali iliambatanisha masharti, na safari za ndege baina ya Vienna na Salzburg zikafutwa kwa kuwa treni inafika huko kwa muda usiozidi saa tatu. Fedha ya umma ilitolewa, na umma ukadai kitu.

Mpango wangu ni kuigawa safari. Ningeweza kukaa ndani ya Railjet mpaka Graz na kuiona milima kupitia kioo, lakini nimeamua kufika kwanza Payerbach-Reichenau, pale mwinuko unapoanza kukaza, na kudaka treni ndogo isimamayo kila kituo hadi Semmering, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Nisihangaike sana na upande wa kukaa: njia inajikunja kama nyoka, na bonde lililokuwa kushoto baada ya muda linahamia kulia. Kutoka Semmering kuna njia ya waendao kwa miguu inayofuata reli, hadi mahali pa kulitazama daraja la Kalte Rinne, lenye matao ya ghorofa mbili, urefu wa mita 184 na kimo cha mita 46. Mahali hapo panaitwa kwa jina la noti ya shilingi 20, kwa sababu kabla ya euro daraja hilo lilichapishwa kwenye noti hiyo, na upande wa pili sura ya mhandisi wake, Carl von Ghega. Taifa lilimweka mjenga reli kwenye fedha yake. Nitarudi kituoni, nitashukia Mürzzuschlag kwenye jumba la makumbusho la reli hiyo, kisha nitapanda treni ya jioni kwenda Graz.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu nataka kuiona kwa macho kazi iliyoanza mwaka 1848. Machi ya mwaka huo wanafunzi na wafanyakazi wa Vienna waliinuka, na kansela Metternich aliyekuwa akiogopwa Ulaya nzima akakimbia nchi. Jiji lilijaa watu wasio na ajira. Waziri wa kazi za umma, Andreas von Baumgartner, akaamuru ujenzi wa reli ya Semmering uanze, jambo lililowapa watu kazi na kuwaondoa mitaani kwa pamoja. Ghega, mzaliwa wa Venice, alikuwa na michoro yake tayari. Alichokosa ni injini: wakati kazi inaanza hapakuwa na garimoshi lililothibitika kuweza kupanda mwinuko ule na mzigo wake kila siku. Mwaka 1851 yalifanyika mashindano. Injini nne zikajaribiwa, na hakuna hata moja iliyofaa kwa kazi ya kila siku. Ndipo Wilhelm von Engerth akabuni aina mpya. Mwaka 1854 abiria wakaanza kuvuka: kilomita 41 za reli kati ya miji miwili ambayo ndege akiruka moja kwa moja angemaliza kwa kilomita 21 hivi.

Wapo watakaosema huo ulikuwa ujasiri wa dola. Ni kweli, ila ujasiri huo ulilipiwa na watu wasio kwenye noti yoyote. Baruti kali ya dinamiti ilikuwa haijavumbuliwa, kwa hiyo mahandaki yalichimbwa kwa mikono na baruti ya kawaida. Kazi ilipopamba moto walikuwapo wafanyakazi wapatao 20,000, waume kwa wake. Mwaka 1850 mwamba uliporomoka mahali paitwapo Weinzettlwand na kuua 14 kati yao. Homa ya matumbo na kipindupindu viliua mamia kambini. Na miaka minne tu baada ya abiria wa kwanza kupita, dola iliyoelemewa na madeni iliiuza njia hiyo kwa kampuni binafsi. Ilirudi mikononi mwa umma baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Uwalisha mlima watu wako, kisha wauza mlima: hilo nalo ni fundisho la sera.

Sasa historia inajiandika upya. Tangu mwaka 2012 Waaustria wanachimba chini ya mlima huohuo handaki la kilomita 27 linalotarajiwa kufunguliwa mwaka 2030, na safari ya Vienna hadi Graz itapungua kwa kama nusu saa. Treni za haraka zitapita gizani. Njia ya Ghega, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 1998, itabaki kwa treni ndogo. Mimi mgeni nitasikitika, lakini sina haki ya kumwambia mfanyakazi anayesafiri kila juma kwamba haraka haraka haina baraka. Mandhari yangu ni muda wake.

Liko jambo moja lililonikereketa. Ratiba ya Austria inamwamini msafiri: panda utakayo, shuka upendapo. Viza ya kuingia Austria haimwamini mwenye pasipoti kama yangu. Inadai ada ya euro 90 isiyorudishwa hata ukikataliwa, bima isiyopungua euro 30,000, mahali pa kulala na ushahidi kwamba nitarudi kwetu. Uhuru uleule ambao reli inauuza kwa mwenyeji, ubalozi unautilia shaka kwa mgeni. Kwa hiyo nimeandika safari mbili: moja ya ubalozi, iliyonyooka kama rula, na nyingine ya kwangu, yenye kituo kidogo na matembezi mlimani. Zote ni za kweli. Tofauti ni nani anayezisoma.

Msisome haya kama sifa za Ulaya. Sisi tunao mlima wetu. Kati ya mwaka 1970 na 1975, baada ya wataalamu wa Magharibi kusema haitalipa, tulijenga na Wazambia, kwa mkopo wa China, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, kwa mahandaki na madaraja yake, kinastahili kutajwa pamoja na Semmering. Wachina waliofia kazi hiyo wamelala Gongo la Mboto. Kujenga tuliweza. Tulichoshindwa kukilinda ni ile ahadi ndogo ya kila siku: treni iliyoandikwa saa hii itaondoka saa hii, nawe usiyemjua mtu utapata nafasi.

Ndugu zangu mlio maofisini, wakati mwingine mtakapoandaa hotuba ya uzinduzi wa reli, mahandaki na kilomita zitajisemea zenyewe. Ombi langu ni dogo kuliko mlima: chapisheni ratiba, na mwandike chini yake mtamlipa nini abiria mkiivunja.