Saa ya Urithi Katika Vichochoro vya Unguja

Mgeni anayefika Mji Mkongwe wa Unguja huonyeshwa kwanza milango ya nakshi, soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904, na vichochoro vyembamba ambamo watu wawili wakikutana mmoja hana budi kuupa mgongo ukuta. Sisi akina mama wa kanisa tulivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, mwendo wa karibu saa mbili, tukayaona hayo yote. Tulisali Mkunazini, katika kanisa kuu la Kianglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Wenyeji husimulia kwamba saa ya mnara wake ilitolewa na Sultani Barghash, ambaye alikuwa Mwislamu.

Lakini safari yetu ilikuwa na shughuli nyingine pia. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa amefunga katika leso saa ya mkono ya Omega. Mumewe aliirithi kwa baba yake, aliyefanya kazi bandarini. Binti yake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, na godoro, sare na nauli vilikuwa bado. Jirani alikwisha kumwambia kwamba saa hiyo ni kuukuu tu, akataka kumpa shilingi elfu hamsini. Je, alikuwa akimsaidia au akimpunja? Hatukutaka kumdhania mtu vibaya, wala hatukutaka mjane aibiwe. Tukaamua kuuliza mahali ambapo vitu vya kale huuzwa na kununuliwa kila siku.

Katika mitaa ya Gizenga na Hurumzi yamo maduka yenye masanduku ya shaba, sarafu, vyungu na saa za zamani. Kabla ya kuingia duka lolote, tulimtafuta fundi saa asiyenunua saa, tukamlipa ujira wake. Hilo ni jambo la kwanza tunalowashauri akina mama: anayekukagulia asiwe ndiye anayetaka kununua.

"Karibuni, wanangu," alisema mzee yule, akaweka lenzi jichoni. Kwanza aliutazama mshale wa sekunde. Sisi wauguzi tunaujua mshale huo, kwa kuwa ndio tunaohesabia mapigo ya moyo. Katika saa ya betri huruka mara moja kila sekunde. Katika saa nyingi za kutia ufunguo za miaka ile, mashine hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, na mshale huonekana kama unateleza. Saa ya mkono ya kwanza ya aina ya betri tunazozijua leo ilitoka Japani mwaka 1969. Basi ukiambiwa saa ni ya mwaka 1960 na mshale unaruka sekunde kwa sekunde, shuku.

Kisha akafungua mfuniko wa nyuma. Ndani, mashine ilikuwa na rangi ya shaba nyekundu, kama mashine nyingi za Omega za wakati ule. Ilikuwa na jina la kiwanda na namba ya tarakimu nane iliyoanza na 20, yaani ya mnamo mwaka 1963. Nje ya mfuniko palichorwa herufi za kwanza za jina la baba mkwe na mwaka 1964. Miaka hiyo iliafikiana.

"Mashine ni ya kweli, mwanangu," alimwambia mwenzetu, "lakini uso umepakwa rangi upya." Akatuonyesha: maandishi yalikuwa manene upande mmoja, na vistari vya dakika havikulingana. Uso uliopakwa upya hupunguza bei, hata ukimetameta. Wanunuzi wazoefu hupenda uso wa asili ulioanza kugeuka rangi kwa uzee. Hapo mwenzetu alinyamaza kidogo, maana alikuwa ameanza kutumaini mamilioni.

Tuongeze neno la afya. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani. Katika miaka ya 1920 huko Orange, New Jersey, Marekani, wasichana waliozipaka walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, na wengi waliugua taya na mifupa, na wengine wakafa. Rangi hiyo huweza kuacha kung'aa huku sumu ikibaki. Kwa hiyo usiifungue saa ya zamani nyumbani, usiikwangue, wala usimpe mtoto aichezee.

Tukiwa na maelezo ya fundi kwenye karatasi, tuliingia maduka matatu. La kwanza walitaja laki mbili, la pili laki tatu na themanini, la tatu laki tano na nusu. Katika kila duka tulisikia kasoro za saa kabla ya bei. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi wa namna hiyo, anayekidharau kitu kisha akaenda zake akijisifu. Hata hivyo, tusimwonee mwenye duka: anatakiwa kulipia usafishaji wa mashine, kodi ya pango, na apate faida yake. Bei anayoomba kwa mgeni haiwezi kuwa ile anayokupa wewe.

Mwenzetu hakuuza siku ile. Alirudi nyumbani, akazungumza na wanawe na shemeji zake, wakakubaliana. Wiki mbili baadaye aliuza katika duka la tatu kwa laki sita, akaandikiwa hati yenye namba ya mashine na neno "uso umepakwa upya", ili asije akaitwa mwongo. Binti alikwenda shule na kila kilichohitajika. Jirani aliambiwa kwa upole bei iliyopatikana, naye akanyamaza.

Akina mama, fungueni masanduku yenu pamoja na waume zenu wakiwa hai. Ulizaneni kitu hiki kilitoka wapi na mwaka gani, mkaandike. Anayeijua mali yake si rahisi kupunjwa, naye hana sababu ya kumpunja mwingine.