Jengo Linaloinamia Kisiwa

Feri inayotoka bandari ya Uno kwenda Naoshima hutumia kama dakika 20, na kitu cha kwanza inachokuonyesha ni kiwanda. Upande wa kaskazini wa kisiwa kuna kiwanda cha Mitsubishi cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1917: mabomba ya moshi, matangi, maghala, na nyuma yake vilima ambavyo kwa miaka mingi vilibaki vipara kwa sababu moshi uliua miti. Kiwanda hicho bado kinafanya kazi. Ninakitaja mwanzo kabisa kwa sababu wasifu wengi wa Naoshima huanza na sanamu ya boga la manjano iliyo kusini, na anayeanzia huko hatajua uzuri wa kisiwa hiki umetoka wapi. Hapa watu waliishi kwa shaba, na ardhi yao ikaungua kwa shaba hiyo hiyo.

Naoshima imo katika Bahari ya Ndani ya Seto, kati ya Honshu na Shikoku nchini Japani. Wakazi wake ni kama 3,000. Mwaka 1985 mchapishaji wa vitabu kutoka Okayama, Tetsuhiko Fukutake, alikutana na meya wa kisiwa, Chikatsugu Miyake, wakakubaliana kujenga mahali pa watoto kupiga kambi. Mzee Fukutake alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe, Soichiro, alilichukua wazo la baba yake, akamwita msanifu majengo Tadao Ando, mzaliwa wa Osaka aliyewahi kuwa bondia na kujifundisha usanifu mwenyewe bila kukaa darasani. Kambi ilifunguliwa mwaka 1989. Mwaka 1992 ikafuata Benesse House, makumbusho ya sanaa yenye vyumba vya wageni kulala.

Tangu hapo Ando hajaacha kujenga Naoshima, na kwa macho yangu sifa yake kubwa hapa ni kwamba majengo yake hayaonekani. Zege lake limeachwa wazi, bila lipu wala rangi, laini kiasi cha kukufanya unyooshe mkono ulipapase, lakini sehemu kubwa ya zege hilo imefukiwa. Makumbusho ya Chichu, yaliyofunguliwa mwaka 2004, yamechimbiwa ndani ya kilima kinachotazama bahari. Aliye nje haoni ukuta wala paa. Ni aliye angani tu anayeweza kuona miraba na pembetatu zilizokatwa ardhini ili mwanga uingie. Mtu mwenye fedha na kipaji, aliyepewa kilima kizuri juu ya bahari, ameamua kilima kibaki kilima. Sijui majengo mengi makubwa duniani yaliyojengwa kwa unyenyekevu wa namna hiyo.

Ndani mna kazi za wasanii watatu tu. Kabla ya kuingia chumba cha Claude Monet unavua viatu na kuvaa ndara. Sakafu imetandazwa vipande vidogo vya marumaru nyeupe, kila kimoja kama sentimita 2, kingo zake zimelainishwa. Kuta ni nyeupe, pembe za chumba zimeviringwa, na hakuna taa hata moja. Mwanga wote unatoka angani. Picha tano za mayungiyungi zimetundikwa humo, na wingu likipita juu ya kisiwa, bwawa alilolichora Monet Ufaransa karne iliyopita linabadilika rangi mbele yako. Mzee huyo alichora mwanga maisha yake yote. Hapa wamempa mwanga wenyewe. Nilikaa humo hadi msimamizi alipoanza kunitazama.

Chumba cha Walter De Maria ni kama hekalu. Kuna ngazi pana, na katikati yake tufe la granaiti lenye kipenyo cha mita 2.2, jeusi, linalong'aa. Ukutani pamepangwa maumbo 27 ya mbao yaliyopakwa dhahabu. Chumba kimeelekezwa mashariki na magharibi, kwa hiyo jua linalizunguka tufe tangu linapochomoza hadi linapotua, na anayekuja asubuhi haoni kile atakachokiona wa jioni. Kazi za James Turrell ndizo nyepesi kuliko zote: katika chumba kimojawapo paa limekatwa mraba, watu wanakaa kwenye benchi na kutazama mbingu.

Boga nalo lina haki yake. Msanii Yayoi Kusama aliliweka mwishoni mwa gati dogo mwaka 1994, la manjano lenye madoa meusi, na limekuwa uso wa kisiwa. Agosti 2021 dhoruba ililing'oa na kulitupa baharini, likavunjika. Oktoba 2022 lilirudi likiwa jipya. Foleni ya kupiga picha ni ndefu. Piga yako, kisha panda basi uende Honmura.

Honmura ni kijiji cha kale chenye vichochoro vyembamba, nyumba zilizoezekwa vigae, na kuta za mbao zilizochomwa moto mpaka zikawa nyeusi, ili zisiliwe na chumvi ya bahari. Vijana walikuwa wamehama, nyumba zikabaki tupu. Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuzikabidhi nyumba hizo kwa wasanii, moja baada ya nyingine. Ya kwanza inaitwa Kadoya, nyumba yenye umri wa kama miaka 200. Ndani yake, mahali palipostahili kuwa na sakafu, Tatsuo Miyajima ameweka dimbwi la maji, na chini ya maji hayo tarakimu 125 za umeme zinahesabu kutoka 1 hadi 9, kila moja kwa kasi yake. Sifuri haitokei kamwe. Kasi hizo hakuzichagua msanii. Wanakijiji 125, mdogo wao akiwa na miaka 5 na mkubwa wao miaka 95, kila mmoja alipewa tarakimu yake aipangie mwendo anaoutaka. Ukisimama gizani unaziona zinazokimbia na zinazojikokota, na unajua kwamba kila mwendo ni wa mtu wa hapa hapa, huenda ni yule bibi uliyepishana naye kichochoroni akivuta kikapu chake cha mboga.

Hapo ndipo nilipoielewa Naoshima. Katika miji mingi sanaa ya kisasa hushushwa kutoka kwenye lori, ikasimamishwa uwanjani, na wenyeji wakaambiwa waizoee. Honmura walianza kwa kuwauliza wenyeji.

Mbele kidogo iko Minamidera, jengo la Ando la mbao zilizochomwa, mahali palipokuwa na hekalu. Unaingizwa katika giza totoro, unapapasa ukuta, unakaa. Baada ya dakika kadhaa macho yanaanza kuona mwanga hafifu uliokuwapo muda wote. Hiyo ndiyo kazi ya Turrell, na sitasema zaidi ili nisimharibie atakayekwenda. Kilimani lipo hekalu la Go'o, ambalo msanii Hiroshi Sugimoto alilijenga upya mwaka 2002. Ngazi yake ni ya vioo vinene vinavyoshuka hadi kwenye chumba cha mawe chini ya ardhi. Ukitoka chumbani humo unapita njia nyembamba ya zege, mabega yakigusa kuta, na mbele yako unaona kipande cha bahari kilichosimama wima.

Jioni nenda kuoga. Karibu na bandari ya Miyanoura kuna hamamu ya umma iliyopambwa na msanii Shinro Ohtake mwaka 2009 kwa vigae, picha za zamani, mimea na vikorokoro vya kila aina, na juu ya ukuta unaotenganisha wanaume na wanawake amesimama tembo. Wageni na wenyeji huoga pamoja. Sikuona Naoshima nzima mahali penye furaha kuliko hapo.

Kisiwa cha jirani, Teshima, kina habari nzito zaidi, na mimi ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni moja ilikuwa ikitupa huko taka za viwandani kinyume cha sheria: mabaki ya magari yaliyosagwa, mafuta machafu, matope yenye sumu. Taka hizo zilichomwa hadharani, na watu wakakohoa. Polisi waliingilia kati mwaka 1990, lakini rundo lilibaki. Wakazi wa Teshima, wengi wao wazee, wakiongozwa na wakili Kohei Nakabo, walishitaki na kuandamana, wakasimama siku baada ya siku mbele ya ofisi za mkoa mjini Takamatsu. Mwaka 2000 mkoa ulikubali kuziondoa na gavana akawaomba radhi. Takriban tani 900,000 za taka na udongo uliochafuka zilihitaji kusafishwa. Zilipelekwa Naoshima. Kwa miaka mingi meli zilivuka mlango huu wa bahari zikiwa na uchafu wa Teshima ili ukayeyushwe katika eneo la kiwanda kile cha kaskazini, hadi kazi ilipomalizika mwaka 2017. Watalii na taka walikuwa wakipita maji yale yale kwa wakati mmoja.

Mwaka 2010, kazi ya kusafisha ikiwa bado inaendelea, lilifunguliwa Teshima jengo ambalo sina budi kulisifu bila kujizuia. Unakodi baiskeli ya umeme bandarini Ieura, unapanda mlima, na upande wa pili, juu ya kijiji cha Karato, mashamba ya mpunga ya ngazi yanateremka kuelekea baharini. Mengi yalikuwa yametelekezwa, yakafufuliwa na wenyeji wakati jengo linajengwa. Katikati yake limelala umbo jeupe lenye sura ya tone la maji. Ni kazi ya msanifu Ryue Nishizawa na msanii Rei Naito. Ni ganda moja la zege, urefu kama mita 60 na upana mita 40, bila nguzo hata moja, na kimo chake hakifiki mita 5. Mafundi walirundika kilima cha udongo, wakakichonga vizuri, wakamwaga zege juu yake, na lilipokauka wakauchimba udongo na kuutoa. Watoto wa pwani wanaujua ufundi huu: unafukia mguu kwa mchanga mbichi, unaupigapiga, kisha unauchomoa taratibu, na pango linabaki.

Ndani hamna picha ukutani, wala kuta zenyewe. Kuna matundu mawili makubwa yasiyo na kioo, na humo huingia upepo, mvua, majani, wadudu, sauti za ndege. Unavua viatu. Kwenye sakafu kuna vitundu vidogo mno ambamo maji hujitokeza tone kwa tone. Zege halinyonyi maji, kwa hiyo tone linatetema, linaanza kuteleza, linakutana na jingine, yanaungana, yanakimbia kama yameitwa, kisha yanatulia kwenye dimbwi. Hivyo tu, tangu asubuhi hadi jioni. Watu wazima walilala kifudifudi kufuatilia tone moja. Katika kisiwa ambacho ardhi yake ilitiwa sumu, wasanii hawa wamechagua kuonyesha maji safi yakitoka ardhini. Bila kibao cha kueleza lolote, mtu anayejua habari za taka zile anapata taabu kuyazuia machozi.

Pale Karato, karibu na ufuo, msanii Christian Boltanski aliacha jengo dogo jeusi linalohifadhi mapigo ya moyo ya watu wa mataifa mbalimbali. Unaweza kuyarekodi yako yakabaki hapo. Boltanski alifariki mwaka 2021. Na moyo wake umo humo, taa ikiwaka na kuzimika kwa kuufuata.

Visiwa hivi hujaa watu wakati wa tamasha la Setouchi, lililoanza mwaka 2010 na linalofanyika kila baada ya miaka mitatu. Mwenye nafasi aende majira mengine. Tiketi ya Chichu inunuliwe mapema mtandaoni, na ratiba ya maboti na siku za makumbusho ziangaliwe vizuri, kwa kuwa Jumatatu makumbusho mengi ya Naoshima hufungwa, na Teshima ni Jumanne. Lala usiku katika nyumba ya wageni ya wenyeji, ili fedha yako nayo ibaki kisiwani. Ukipata siku ya ziada vuka hadi Inujima, ambako magofu ya kiwanda cha shaba kilichofanya kazi miaka kumi tu, kuanzia 1909, yamegeuzwa makumbusho na msanifu Hiroshi Sambuichi: jua, ubaridi wa ardhi na bomba la zamani la moshi vinafanya kazi ya kuingiza joto na ubaridi. Lakini kama muda ni mfupi na huna budi kuchagua kisiwa kimoja, liache boga, uende Teshima.