Jiko la Mkaa na Walinzi wa Shingoni



Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Julai, tulilala katika kigango kimoja nje ya mji wa Mpanda. Mwenyeji wetu, mzee mkarimu kupita kiasi, alituwekea jiko la mkaa chumbani na kuziba dirisha kwa gunia. "Padre, baridi ya alfajiri si ya kuchezea. Mkaa umekwisha kukolea, hauna moshi tena." Tukamshukuru, tukalala.

Usiku wa manane tuliamka kichwa kikituuma vibaya, miguu ikikataa kutubeba. Tulitambaa hadi mlangoni. Kilichotusumbua baadaye si maumivu yale, bali kwamba hatukuhisi hata kidogo kukosa pumzi. Mbona mwili haukupiga kelele?

Kwa kawaida hupiga. Mtu akibana pumzi, haupiti muda kabla kifua hakijadai hewa. Kinachodai hasa ni hewa ya ukaa, ambayo ikijilimbikiza huongeza asidi katika damu. Chembe zilizomo katika shina la ubongo huionja na kuamuru mapafu yafanye haraka. Shingoni nako, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, kila upande pana kinofu kidogo mithili ya punje ya mchele, ambacho hupima pia oksijeni. Ikipungua, kinofu hicho huupasha ubongo habari: pumzi huongezeka, na mishipa ya damu hubanwa ili shinikizo la damu lisishuke. Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kazi ya walinzi hao wa shingoni, na wenzao walio karibu na moyo. Hata viboko wetu wa mto Katuma huibuka kuvuta hewa wakiwa usingizini, wala hawaamki.

Mkaa uliokolea, hata usipotoa moshi, hutoa hewa nyingine: kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huing'ang'ania hemoglobini, mbebaji wa oksijeni katika damu, kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Walinzi wa shingoni hupima oksijeni iliyoyeyuka tu, si ile iliyobebwa. Na iliyoyeyuka haijapungua. Basi hukaa kimya, na aliyelala huendelea kulala. Vijana wetu wa machimbo ya dhahabu nao wajue: mashine ya petroli ya kuvuta maji, ikishushwa shimoni, hutoa hewa hiyohiyo.

Anayeamka na kichwa kizito, kizunguzungu au kichefuchefu penye jiko atoke nje mara moja, awatoe na wengine, kisha wafikishwe hospitali wapewe oksijeni.

Asubuhi ile tulinyamaza. Tuliona haya kuulaumu ukarimu, nasi tukaondoka tukijua kwamba chumba cha pili walilala wajukuu wake na jiko lao. Kwa kimya hicho hatujajisamehe vizuri. Tulirudi baada ya siku nne, tukamweleza mzee yote haya. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hata kama halina moshi, Padre?"

"Hasa hapo, mzee wangu."

Safari iliyofuata tulikuta jiko uani, na kitandani mablanketi mawili.